Kuku mgonjwa kwenye ploti: mtenge kwanza, dawa baadaye

Kuku huficha ugonjwa. Anayeonyesha unyonge hudonolewa na wenzake, kwa hiyo hujikaza mpaka nguvu zimwishie. Siku unapomkuta amejikunyata pembeni ya banda, manyoya yamevimba, mabawa yameshuka na macho yamefumba nusu, ugonjwa huo una siku kadhaa tayari. Kideri, ambacho kwenye agroveti nyingi za Nairobi utasikia kikiitwa Newcastle tu, hukaa mwilini siku 2 hadi 15 kabla ya dalili kutokea, mara nyingi siku 5 au 6. Siku hizo zote kundi zima lilikuwa likinywa kwenye chombo kimoja.

Hapo ndipo watu hukimbilia dukani kuulizia "dawa ya kuku". Dawa ingoje. Aliyejikunyata huenda akapona na huenda asipone, lakini wale wanaochakura bado ndio mali uliyobaki nayo, na saa chache za mwanzo ni zao.

Mtoe mgonjwa bandani mara moja, hata kama giza limeingia. Umbali mzuri ni mita 10 au zaidi, naye akae upande ambao upepo unaelekea, yaani upepo upite kwa wazima kabla ya kumfikia yeye. Ploti za Kayole, Githurai au Kangemi hazina mita 10 za kuchezea, na anayefuga juu ya paa la fleti ana nafasi finyu zaidi. Basi tumia ukuta: upande wa pili wa nyumba, kistoo, veranda ya nyuma. Vumbi la manyoya na matone ya chafya huzuiwa vizuri zaidi na ukuta kuliko na hatua tano za uwanja mtupu. Pasipofaa kabisa ni jikoni, chumba unacholala, na karibu na mfereji ambao wapangaji wote huchota maji.

Chakula kilichobaki kwenye chombo walichokula pamoja kitupe, usikimwage pale watakapokichakura tena. Vyombo vya maji visugue kwa sabuni, visuuze, kisha viloweke dakika 10 kwenye maji ya Jik, ile dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Ikiwa lebo inasema Jik yako ina asilimia 3.5, changanya kikombe kimoja cha Jik na vikombe sita vya maji. Hiyo itakupa asilimia 0.5. Suuza tena, anika juani.

Sasa jikague wewe mwenyewe. Ndani ya ploti, anayebeba ugonjwa kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima mara nyingi ni mtu yuleyule anayewatunza: viatu vyake, mikono yake, ndoo yake. Kwa hiyo kazi ina mpangilio usiobadilika, asubuhi na jioni. Wazima kwanza, mgonjwa mwisho, bila kurudi nyuma. Upande wa mgonjwa uwe na ndara au gambuti zake, koti kuukuu lake, kikombe chake na fagio lake, na visivuke. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20. Wengi huweka beseni la dawa mlangoni na kuliacha wiki nzima. Beseni la namna hiyo ni pambo. Klorini huishiwa nguvu ikikutana na tope na kinyesi, kwa hiyo sugua soli kwanza, ndipo ukanyage, na maji yabadilishwe kila siku au mara tu yanapochafuka.

Glavu na barakoa si mbwembwe. Virusi vya kideri huweza kumletea binadamu macho mekundu yanayowasha, salmonela humwangusha mtoto kwa kuhara, na mafua ya ndege ni jambo zito kuliko yote hayo. Watoto wasimguse, wasimbusu, wasicheze karibu na boksi lake.

Je, ni wa kuambukiza kweli?

Si kila kuku aliyejikunyata ana tauni. Anayeatamia huvimba manyoya, hukataa kutoka kiotani na huangusha kinyesi kimoja kikubwa chenye uvundo. Mchokoze uone atakavyokuja juu, kwani mgonjwa hana hasira hizo. Anayenyonyoka manyoya huwa mnyonge na huacha kutaga kwa wiki kadhaa. Yai lililokwama humfanya asimame wima kama pengwini, akijikamua bila kitu kutoka. Kwenye ploti kuna pia sumu ya panya, na kuna masalio ya ugali yaliyoota ukungu.

Hesabu ndiyo husema mengi. Mmoja akiumwa siku tatu na wenzake wote wanakula, wanataga na kinyesi chao ni cha kawaida, uwezekano mkubwa ni tatizo lake peke yake. Wa pili akizubaa ndani ya saa 48, lichukulie kuwa la kuambukiza hata kama hujalijua jina. Na mpaka saa hizo 48 ziishe, mtunze huyo mmoja kama mwenye la kuambukiza. Kukosea upande huo hakukugharimu kitu.

Uliza pia nani ameingia hivi karibuni. Kuku wa zawadi kutoka ushago, aliyesafiri kwa basi miguu ikiwa imefungwa na kuteremshwa moja kwa moja bandani, ndiye mshukiwa wa kwanza, hasa Desemba na Pasaka ambapo kuku wanahama kwa wingi. Trei za mayai zilizoazimwa, gunia la chakula lililotumika kwingine, njiwa wanaoshuka kula pamoja na kuku: vyote vinaingia kwenye hesabu.

Kumsoma mgonjwa

Tandika gazeti chini ya mgonjwa, usitumie maranda. Gazeti linakuonyesha kinyesi, na kinyesi ndicho taarifa yako ya kila saa. Cha kawaida ni kigumu kiasi, kahawia au kijivu, na utando mweupe juu. Mara moja katika kila vinyesi nane au kumi hutoka kimoja laini, chenye kunata, rangi ya chokoleti na harufu kali. Huo si ugonjwa, hutoka kwenye matumbo ya pembeni. Wengi wamenunua dawa ya kuhara kwa sababu yake.

Kinyesi cha kijani kinahitaji neno la ziada, kwa maana mjini humu kijani kimeshakuwa sawa na hukumu ya kideri. Kuku yeyote ambaye hajala siku nzima hutoa kinyesi cha kijani, kwa sababu nyongo inapita tupu bila chakula. Kijani peke yake kinakuambia hali, jina la ugonjwa hakikuambii.

Papasa gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, alfajiri kabla hajala: linapaswa kuwa tupu. Likiwa limejaa, teketeke, na mdomo unanuka uchachu, chakula hakishuki. Lipapase tena jioni; likiwa tupu jioni, hajala kitu. Shika kidari: mfupa wa katikati ukikata vidole kama kisu, huyu amekonda kwa wiki, hakuanza jana. Fungua mdomo utazame ulimi na koo. Weka sikio mgongoni usikie kama anakoroma. Tazama upanga wa kichwani kama umepauka, umekuwa zambarau, au una vidonda. Usimpime homa kwa kiganja. Joto la kawaida la kuku ni takriban nyuzi 41, kwa hiyo kila kuku mzima atakuwa wa moto mkononi mwako.

Mpime uzito kila asubuhi kwa mizani ya jikoni. Kuku wa kilo 1.8 anayepoteza gramu 50 kila siku anakueleza zaidi ya unavyoweza kuona kwa macho.

Sasa majina. Kideri huja kwa kasi: leo wawili, kesho watano. Kuna kuhema kwa mdomo wazi, kinyesi cha majimaji ya kijani, mayai yanayokoma au kutoka na ganda laini, na kwa wanaochelewa kufa, shingo inayopinda hadi kichwa kutazama juu au nyuma, miguu na bawa kupooza. Kundi lisilochanjwa laweza kuisha karibu lote. Hakina dawa. Nalisema wazi kwa sababu kila msimu kuna anayeuziwa moja. Shubiri na muarobaini kwenye maji hazikiui kirusi. Zinayafanya maji kuwa machungu, na kuku aliyekwisha kukaukiwa anakunywa kidogo zaidi. Pilipili angalau haimwashi, kwani ndege hawahisi ukali wake kama sisi, lakini haimponyi pia.

Gumboro ni ya vifaranga wa wiki 3 hadi 6. Kuhara kweupe kwa majimaji, kutetemeka, kudonoa sehemu yao wenyewe ya haja, vifo vinavyopanda kwa siku mbili tatu kisha kushuka ndani ya wiki moja. Wanaopona hubaki na kinga dhaifu, ndiyo maana baadaye hushikwa na kila kinachopita. Nayo haina dawa, na kirusi chake hukaa bandani miezi.

Kuhara damu kwa vifaranga, yaani koksidia, kunafanana na Gumboro kwa umri tu. Kinyesi kina damu au ute wa rangi ya kutu, upanga unapauka. Chanzo ni sakafu yenye unyevu: mayai ya vimelea hivyo huiva ndani ya siku moja au mbili kwenye maranda yaliyolowa chini ya chombo cha maji. Huu una dawa, na dawa inafanya kazi ukiwahi.

Mafua ya kuku yanayoletwa na bakteria huvimbisha uso, hasa chini ya macho, na kutoa kamasi lenye uvundo unaousikia kabla hujafika bandani. Huenea haraka, siku 1 hadi 3 tu baada ya kugusana, ila huua wachache. Ubaya wake ni kwamba aliyepona hubaki kuwa mbebaji. Ndui huja na mbu baada ya mvua za Machi hadi Mei au za Oktoba hadi Desemba: vipele vinavyogeuka magamba meusi kwenye upanga, ndevu na kope. Ya nje hupona yenyewe kwa wiki 3 au 4. Ya ndani ya mdomo, yenye utando wa manjano kooni, huziba pumzi.

Taifodi ya kuku hupausha upanga na kutoa kinyesi cha manjano kama kiberiti, na huwaangusha wakubwa. Marek humkuta tembe mchanga akiwa amelala mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Mafua ya ndege yenye ukali huua ghafla kundi karibu zima, vichwa vikiwa vimevimba na upanga umegeuka zambarau. Ukiona hayo usiguse kitu, piga simu kwa ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mifugo kutoa taarifa za magonjwa yaliyotajwa humo, na afisa wa mifugo ndiye anayejua hatua inayofuata.

Uuguzi wenyewe

Tuseme umeamua kumwuguza. Boksi la katoni la sentimita 50 kwa 50 linamtosha kuku mmoja, na mashimo upande wa juu ili hewa itembee bila kumpuliza. Chini weka gazeti, juu yake kipande cha gunia asiteleze. Badilisha asubuhi na jioni na uchome ulichotoa.

Joto ndilo tiba ya kwanza ambayo haisemwi sana. Kuku mgonjwa hutumia nguvu zake zote kujipasha, na usiku wa Julai Nairobi kipimo hushuka hadi nyuzi 10 au 12. Unataka nyuzi 25 hadi 27 ndani ya boksi. Chupa ya lita moja ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa inakaa saa kadhaa. Balbu ya zamani ya wati 60 iliyoning'inizwa upande mmoja ni bora, mradi abaki na upande wa baridi wa kukimbilia. Akihema mdomo wazi chini ya balbu, umezidisha. Jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa, hapana. Hewa yake ya sumu humuua kuku kabla yako, kisha nawe.

Maji yanatangulia chakula. Kuku mkubwa mzima hunywa mililita 200 hadi 250 kwa siku, na anayeharisha huhitaji zaidi. Paketi ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, ile ya famasi, kwa lita moja ya maji inafaa. Ukikosa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita, vijiko vilivyosawazishwa kwa kisu. Usikisie chumvi, kwani ikizidi ni sumu kwa kuku. Mpe siku mbili au tatu, halafu rudi kwenye maji matupu. Mchanganyiko haulali, tengeneza mpya kila siku.

Asipokunywa mwenyewe, usimfungue mdomo na kumiminia. Tundu la pumzi la kuku liko juu ya shina la ulimi, wazi kabisa, na maji yakiingia humo atakufa kwa mapafu. Mkumbatie wima, kichwa kikiwa sawa, kisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano dondosha tone moja moja kwenye ukingo wa mdomo karibu na ncha. Atayanyonya na kumeza. Mililita 5, pumzika, mililita 5 nyingine, kila saa moja au mbili mchana kutwa. Inachosha, nami sioni njia ya mkato iliyo salama. Kulisha kwa mpira hadi kwenye gole ni kazi ya aliyefundishwa kwa mikono.

Akishaanza kunywa, mpe chakula laini: gramu 50 za chakula chake cha kawaida kilicholowekwa kwa maji ya uvuguvugu, pamoja na robo ya yai la kuchemsha lililopondwa. Toa mabaki baada ya saa mbili. Unga wa mahindi wenye harufu ya ukungu usimkaribie. Aflatoksini, sumu ya ukungu huo, hupiga ini, na ini la mgonjwa halina akiba.

Macho yaliyogandamana na kamasi yasafishe kwa pamba na maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Pamba moja jicho moja, kisha ichome. Magamba ya ndui usiyabandue. Yakianguka yenyewe, yaokote uyachome, kwa sababu kirusi huishi ndani yake miezi mingi.

Dawa, na kwa nini hushindwa

Antibiotiki haziui virusi. Zinapotolewa kwa kideri au Gumboro, kinachofanyika ni kukamua mfuko wako na kuwazoesha bakteria dawa ambayo kesho utaihitaji. Kwa mafua ya bakteria au taifodi zinasaidia, lakini aina na siku ziamuliwe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mwenye kaunta ya agroveti anaweza kuwa mtu mwema sana; hajamwona kuku wako.

Kosa la pili ni kutegemea maji ya kunywa. Dawa ikichanganywa kwenye chombo, wanaokunywa sana ni wazima, na mgonjwa asiyekunywa hapati kitu. La tatu ni kijiko. Pakiti imepimwa kwa kundi la mamia, nawe una kuku 12 wanaokunywa lita 3 kwa siku. Chukua koksidia: kiwango cha matibabu cha amprolium, dawa yake, ni miligramu 120 hadi 240 kwa lita, siku 3 hadi 5. Kwa poda ya asilimia 20 hiyo ni gramu 0.6 hadi 1.2 kwa lita, yaani kwa lita 3 ni gramu 1.8 hadi 3.6. Hakuna kijiko cha nyumbani kinachopima gramu 1.8. Nunua kimizani kidogo cha vito, au pima gramu 18, zichanganye kwenye lita moja ya maji, na uchote mililita 100 za maji hayo kwa kila lita 3 utakazowapa. Soma lebo, kwa maana nguvu ya poda hutofautiana. Na siku za amprolium usiwape unga wa vitamini: dawa hiyo hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini B1, nawe ukiiongeza unamlisha.

Mayai ya siku za dawa, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo, hayaliwi wala hayauzwi. Kama lebo haisemi lolote kuhusu mayai, muulize daktari kabla ya kuwapa dawa hiyo kuku wanaotaga.

Akifa, au ukiamua asiteseke

Saa 24 bila kumeza hata tone, kuhema mdomo wazi bila kupumzika, shingo iliyopinda asiweze kula: hapo uuguzi umekuwa mateso. Mwite anayejua kuvunja shingo mara moja. Kwa kideri kilichothibitishwa sioni haja ya kumng'ang'ania hata aliye na nafuu ikiwa wazima wengi bado wako, kwa sababu anaweza kuendelea kumwaga virusi wiki kadhaa.

Usimchinje ukala, wala usimwuze. Maji ya kunyonyolea, damu na matumbo yakimwagwa mtaroni yanafika kwa kuku wa jirani, na kuku anayeuzwa haraka huenda na ugonjwa wake hadi soko lolote atakaloteremshwa.

Aliyekufa leo ndiye jibu lako la uhakika. Lowesha manyoya kwa maji ya sabuni, mtie kwenye mifuko miwili ya plastiki, mpoze kwa barafu pembeni bila kumgandisha, kwani kugandisha huharibu nyama za ndani zinazotazamwa, na umfikishe maabara ndani ya saa 24. Kabete ndiko kwenye maabara kuu ya mifugo ya serikali, na kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kiko huko huko. Piga simu kwanza uulize wanachopokea. Andika kwenye karatasi umri, idadi ya kundi, waliokufa kila siku, chanjo na tarehe zake, na kila dawa uliyokwisha kuwapa. Usimpasue mwenyewe nyumbani, wala usipande matatu na boksi lililo wazi.

Wengine wazikwe kwenye shimo la angalau mita moja, chokaa juu, udongo ushindiliwe, mbali na kisima. Penye saruji tupu, ulizia ofisi ya mifugo pa kuteketeza. Kwenye jalala la mtaa mbwa watamfukua kabla ya usiku.

Banda lisafishwe likiwa kavu kwanza: toa maranda yote, kwangua kinyesi, fagia buibui. Kisha sabuni ya unga na maji. Likauke. Ndipo Jik ya asilimia 0.5, dakika 10 au zaidi, na jua. Ukirusha dawa juu ya kinyesi umepoteza dawa. Usichanganye Jik na asidi au amonia, mvuke wake ni sumu. Kwa koksidia Jik haina maana yoyote. Maji yanayochemka na ukavu ndivyo vinavyofaa.

Waliobaki

Usiwachanje wakiwa tayari wanazubaa. Chanjo huhitaji wiki moja hadi mbili kujenga kinga, na aliyekwisha kuambukizwa atakufa sindano ikilaumiwa. Wazima wachanjwe, na hapa mfugaji wa kuku 12 hukutana na tatizo la chupa: dozi ni 50 au 100. Majirani wanne wakijumuisha kuku wao siku moja, chupa inaisha na gharama inagawanyika. Chanjo ya kideri ya aina ya I-2 inastahimili joto kuliko nyingine, hutiwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 4. Ukitumia ya kunywa, kumbuka maji ya mfereji wa Nairobi yana klorini inayoiua chanjo: weka gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa lita, subiri kidogo, ndipo uchanganye. Wanyime maji saa moja au mbili kabla, na iishe ndani ya saa 2. Chanjo isafirishwe na barafu, nyuzi 2 hadi 8. Ukikabidhiwa chupa kutoka kwenye rafu ya duka yenye jua, iache hapo hapo.

Banda lililopitiwa na kideri likae tupu wiki 3 au 4 ikiwa hakuna aliyebaki. Kisha ingiza kuku wawili waliochanjwa, wala si ishirini, uwaangalie siku 21. Kuku mpya yeyote baada ya hapo, awe wa sokoni Burma au wa zawadi kutoka kwa shangazi, akae peke yake siku 21 hadi 30 kabla hajaonja maji ya wenzake. Aliyepona mafua au taifodi usimchanganye na vifaranga wapya hata akinawiri namna gani, mwachie sufuria.